Vichwa Vidogo vya Treni Rwamgasa

Neno "mfano" katika Kiswahili lina mizigo miwili mgongoni. Mzigo wa kwanza ni kitu kidogo kilichotengenezwa kwa sura ya kitu kikubwa: mtoto akifinyanga nyumba ya udongo, tunasema ametengeneza mfano wa nyumba. Mzigo wa pili ni jambo linaloonyeshwa ili wengine waliige: shule ya mfano, shamba la mfano, kijiji cha mfano. Mfano wa kwanza hutoka mikononi mwa anayejifunza. Wa pili huletwa na anayefundisha. Katika nchi yetu tumeupenda sana huu wa pili na kuusahau ule wa kwanza, na mahali ambapo nimeiona tofauti hiyo kwa uwazi kuliko popote ni Rwamgasa, mkoani Geita.

Rwamgasa, ambayo wengine huiandika Lwamgasa, ni makazi ya wachimbaji wadogo. Mgeni huisikia kabla hajaiona, kwa sababu makarasha husaga mawe tangu alfajiri mpaka giza liingie. Kuna maduara yaliyoshikiliwa kwa matimba, kuna mialo ya kuoshea mchanga, kuna vibanda vya mama lishe, maduka ya vifaa na nyumba za ibada. Watu wake wamekuja kutoka kila upande: Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Waha, Wajita, na wengine kutoka mbali zaidi. Kila mmoja amefuata kitu kimoja, na wengi wamekipata kwa kiasi kidogo tu.

Rwamgasa imeshafanywa mfano zaidi ya mara moja. Mwaka 2002 ulianza mradi wa kimataifa wa kupunguza madhara ya zebaki katika uchimbaji mdogo, ukihusisha mashirika ya Umoja wa Mataifa na nchi sita: Brazili, Indonesia, Laos, Sudan, Zimbabwe na Tanzania. Kwa upande wetu, Rwamgasa ndiyo iliyochaguliwa. Wataalamu walipima mkojo, nywele na damu za watu, wakapima udongo na samaki, wakaonyesha vifaa vya kunasa mvuke wa zebaki usiingie mapafuni mwa mchomaji. Baadaye kikajengwa kituo cha mfano kilicho chini ya STAMICO, kama vile vya Katente kule Bukombe na Itumbi kule Chunya, ili wachimbaji wadogo wajifunze kuchenjua dhahabu kwa njia bora. Sina nia ya kubeza juhudi hizo. Aliyeshuhudia mtu mzima akitetemeka mikono kwa zebaki hawezi kuzibeza. Nataka tu kuuliza kwa nini mfano ulioletwa, hata ukiwa mzuri, mara nyingi hubaki ndani ya uzio wake.

Jibu nililielewa vizuri zaidi katika jambo ambalo wengi wangeliona la kitoto, yaani treni za bati.

Rwamgasa haina reli, na haijawahi kuwa nayo. Jambo hili lina sababu yake, na sababu yenyewe inafundisha. Reli za nchi hii zilifuata mizigo mizito. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Tawi lake kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928, likipita Shinyanga, na pamba ya Usukuma ikawa mzigo wake mkubwa. Tawi la kwenda Mpanda lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Reli ya Mtwara kwenda Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya karanga, na karanga ziliposhindikana, reli nayo iling'olewa. Dhahabu haihitaji behewa. Chukua mgodi mkubwa wa Geita, ambao katika miaka ya karibuni umekuwa ukitoa takriban wakia laki 5 kwa mwaka. Wakia moja ya dhahabu ina gramu 31 na kidogo. Zidisha, utapata tani 15 na ushei. Behewa moja la mizigo la reli yetu ya zamani hubeba tani 40 hivi. Yaani dhahabu ya mgodi mzima ya mwaka mzima, kwa uzito wake, haijazi hata nusu ya behewa moja. Mali ya namna hiyo huondoka kwa ndege, na nyuma yake haiachi stesheni, wala karakana, wala chuo cha mafundi, wala mtaa wa wafanyakazi wenye mishahara ya mwezi. Tabora ina vitu hivyo kwa sababu ya reli. Rwamgasa ina mashimo.

Ndiyo maana nilistaajabu, Jumapili moja jioni, nilipokuta vijana watano nyuma ya kibanda cha mama lishe wakiwa wamepiga magoti kuzunguka reli.

Reli yenyewe ilikuwa ya mikanda ya bati inayofungia marobota, iliyosimamishwa kwa ubavu na kushikiliwa na mataruma ya vijiti. Urefu wake ulikuwa hatua kumi hivi, pamoja na njia mbili za pembeni. Juu yake kulikuwa na vichwa vitatu vya treni, kila kimoja kirefu kama kiganja cha mtu mzima. Mwili ulikatwa kutoka kopo la mafuta ya kula. Magurudumu yalichongwa kutoka soli za ndala kuukuu na kuvalishwa vifuniko vya chupa za soda. Mota ilitolewa kwenye deki mbovu ya DVD, na betri ilitoka kwenye simu ndogo ya tochi. Kimoja kilikuwa na kifaa cha kubadilisha mwendo, mbele na nyuma, kilichotengenezwa kwa vipande viwili vya shaba na pini ya nguo.

Walisimama waliponiona.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, wanangu. Endeleeni. Hiki kinaitwaje?"

"Kiberenge," alisema mmoja.

"Siyo kiberenge," mwingine akamkatiza, kijana mwembamba wa miaka kama 13. "Kiberenge kinabeba watu wa kukagua reli. Hiki kinavuta na kusukuma. Hiki ni shanta."

Nikamwuliza ameijulia wapi shanta. Akasema amekaa miaka mitatu Isaka kwa bibi yake. Wasomaji wanaokijua Kahama wanaijua Isaka: ni bandari ya nchi kavu, mahali ambapo makasha na mizigo ya Rwanda na Burundi hushushwa kutoka mabehewa na kupakiwa kwenye malori. Nikamwuliza kwa nini hawakutengeneza treni ndefu ya umeme kama ile inayokwenda Dodoma, ambayo bila shaka wameiona kwenye simu. Akanijibu bila kusita:

"Ile ndefu inapita tu, mwalimu. Hii ndogo inafanya kazi siku nzima, unaiona inavyofanya."

Nimesoma tasnifu kadhaa za uchumi wa miundombinu zisizo na sentensi yenye uzito wa hiyo.

Kilichonivutia zaidi ni utaratibu wao. Vichwa vilikuwa vitatu na vijana walikuwa watano, lakini hakuna aliyekaa bila kuendesha. Mwenye kichwa humpa mwenzake, na aliyeazimwa hukirudisha kikiwa na betri iliyochajiwa, jambo linalomgharimu shilingi mia chache kwenye kibanda cha kuchajia simu. Kikiharibika, hukaa wote wakakifungua. Hawakuonyeshana vichwa vyao ili kutambiana. Walionyeshana ili kila mmoja aone mwenzake amelitatua vipi tatizo ambalo yeye limemshinda. Aliyebuni kibadilisha mwendo cha pini ya nguo alikuwa ameshawafundisha wawili, na mmoja wao alikuwa amekiboresha.

Nilikumbuka ghorofa ya chini ya kanisa moja katika jiji la Milwaukee, nilikopelekwa na mwalimu wangu miaka ile nilipokuwa masomoni Marekani. Jiji hilo lina historia katika shughuli hii: hapo mwaka 1935 kilianzishwa chama cha kitaifa cha wapenzi wa reli ndogo za mfano, na huko ndiko lilikotoka, mwaka 1934, jarida lao mashuhuri. Mle ndani kulikuwa na wazee wastaafu wapatao kumi, mafundi mitambo na makarani, na juu ya meza ndefu kulikuwa na mji mzima wa mbao na rangi, wenye reli za kipimo cha 1 kwa 87. Nilitarajia wajivunie treni ndefu. Badala yake usiku ule kila mzee alikuja na kichwa kidogo, kile cha kupangia mabehewa kwenye yadi, akakiweka mezani na wenzake wakapokezana kukiendesha. Sifa haikuwa kasi. Aliyeshangiliwa ni yule ambaye kichwa chake kilitembea polepole kuliko vyote bila kukwama.

Walinieleza kwamba kichwa kidogo ni kigumu kukitengeneza kuliko kikubwa. Kina magurudumu machache ya kupokelea umeme kutoka kwenye reli, hivyo vumbi kidogo tu hukisimamisha, na kwenye maungio ya njia huzimika kabisa. Wao walitumia saa nyingi kusugua reli. Vijana wa Rwamgasa wamelikwepa tatizo hilo bila kujua kwamba lipo, kwa sababu kichwa chao kimebeba betri yake chenyewe. Vumbi la karasha hutua juu ya reli yao mchana kutwa na shanta inakwenda.

Mmoja wa wazee wale alinionyesha kichwa cha mfano wa tani 44, akanisimulia kwa nini cha asili kilikuwa na uzito huo. Mwaka 1937 vyama vya wafanyakazi wa reli vya Marekani vilikubaliana na makampuni kwamba kichwa cha dizeli chenye uzito wa ratili 90,000 au zaidi juu ya magurudumu yake ya kuendeshea lazima kiwe na msaidizi pamoja na dereva. Ratili 90,000 ni tani 45 za Kimarekani. Kampuni ya General Electric, kuanzia mwaka 1940, ikauza kichwa cha tani 44. Katika tani hiyo moja iliyopunguzwa kuna ajira ya mtu. Tangu siku ile nimeamini kwamba hakuna mashine isiyo na siasa ndani yake, na kwamba anayeifungua mashine kwa mikono yake mara nyingi huiona siasa hiyo kabla yetu sisi wa mihadhara.

Tena tusidhani kwamba mchezo huo wa wazee ni mchezo mtupu. Mwaka 1946 wanafunzi wa chuo cha teknolojia cha Massachusetts, MIT, walianzisha klabu ya reli za mfano. Chini ya meza yao kulikuwa na msitu wa nyaya na swichi za simu zilizotupwa, na vijana waliozizoea nyaya hizo wakawa, mwishoni mwa miaka ya 1950, miongoni mwa watu wa kwanza kucheza na kompyuta usiku kucha na kuziandikia programu. Sehemu ya utamaduni mzima wa kompyuta duniani ilizaliwa chini ya meza ya treni ndogo, kwa kutumia swichi zilizotupwa.

Nilikumbuka pia mjomba wangu. Alikuwa shanta kwenye yadi ya Tabora, maana neno hilo hutumika kwa mashine na kwa mtu pia. Tabora ni njia panda: treni ya mizigo ikiingia kutoka pwani, mabehewa ya Kigoma, ya Mwanza na ya Mpanda yanaweza kuwa yamechanganyika kama karata. Kazi yake ilikuwa kuyatenganisha na kuyapanga upya ili kila treni itoke na mabehewa yake, la kushushwa kwanza likiwa mahali pa kukatwa kwanza. Mchana alitumia bendera, usiku taa ya mkono. Aliruka, akafungua kifungo, akamwashiria dereva wa kichwa kidogo arudi nyuma, akabadilisha njia, akaashiria tena. Abiria hawakumjua. Alipenda kutuambia sisi watoto: "Treni haichelewi njiani, huchelewa yadi."

Alipostaafu alirudi na taa yake, na ujuzi wake wote ukawa ndani ya kichwa chake na mikononi mwake. Amekwenda nao kaburini. Hakuna kitabu cha Kiswahili nilichokiona kinachoeleza jinsi shanta wa Tabora alivyofikiri alipotazama mabehewa 30 na njia 6, akaamua lianze lipi.

Ila fikra hiyo inaweza kufundishwa kwa mchezo, na mzee mmoja wa Milwaukee alikuwa amenifundisha. Aliubuni Mwingereza, Alan Wright, na sharti zake ni chache. Chukua njia tatu zinazokutana. Moja ina nafasi ya mabehewa 5, nyingine mbili zina nafasi ya mabehewa 3 kila moja. Mahali zinapokutana, kichwa kina nafasi ya kuvuta mabehewa 3 tu kwa wakati mmoja. Una mabehewa 8, kila moja na namba yake. Bahatisha namba 5 kwa kura, kisha upange treni ya mabehewa hayo 5 kwa mfuatano uleule uliotoka kwenye kura. Mifuatano inayowezekana ni 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4, yaani 6,720. Kila mmoja wao unapangika. Hautaki nguvu wala kasi. Unataka kutazama kwanza.

Reli ya wale vijana ilikuwa tayari na njia tatu. Mabehewa yao yalikuwa makopo ya dagaa, tukayaandika namba kwa chaki. Nikawaeleza sharti, nikapiga kura kwa vikaratasi. Wa kwanza alisukuma huku na huku akakata tamaa. Wa pili alifaulu kwa hatua nyingi sana. Yule wa Isaka aliomba tunyamaze. Alichuchumaa, akayatazama makopo kwa muda ambao wenzake waliuona mrefu mno, midomo yake ikihesabu. Kisha akaazima kile kichwa chenye kibadilisha mwendo kizuri, akaanza. Hakurudia hatua hata moja. Alipomaliza, akanigeukia na swali ambalo sikulitarajia:

"Mwalimu, na tukiwa na shanta mbili, moja kila upande, si itakuwa haraka zaidi? Au zitazuiana?"

Hilo ni swali ambalo watu hulipwa mishahara mikubwa kulijibu, bandarini na kwenye yadi za reli. Sikumjibu. Nilimwambia ajaribu. Walijaribu mpaka giza likaingia, na jibu walilolipata ni kwamba inategemea nani anatoa ishara.

Mama yake ndiye mwenye kile kibanda. Aliniletea chai, akakaa kwenye benchi mbele yangu, akanisalimu kwa Kisukuma kisha akaongea kwa Kiswahili chenye adabu na uzito.

"Mwalimu, nakuheshimu, na nimefurahi umecheza na wanangu. Lakini niambie ukweli. Hicho kidude kitamfikisha wapi?"

Nilianza kusema habari za akili ya mtoto. Akaniacha nimalize, kisha akanieleza habari zake. Kila Jumamosi kijana hubeba mawe kupeleka kwenye karasha. Sasa kuna mtu wa mwaloni amemtaka akafanye kazi kwake kila siku, ya kuchanganya mchanga wa dhahabu na zebaki na kuuosha. Malipo ni ya kila jioni. Shule hailipishi ada, anajua, lakini daftari si bure, sare si bure, na wadogo zake wawili wanakula kila siku. Baba yao aliondoka kufuata mlipuko wa dhahabu mahali pengine, na habari zake zimekatika.

Nilimwambia ninachokijua. Zebaki huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na mwili wa mtoto huathirika kuliko wa mtu mzima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi ya hatari, na uchimbaji umo. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti nzima kuhusu watoto katika migodi midogo ya nchi hii, na Geita ni moja ya wilaya walizozitembelea. Mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sheria ni nzuri," akasema. "Ila jioni haiji na unga."

Ndugu msomaji, nimekaa na wanazuoni wengi wanaojadili kwa nini sera hazitekelezwi. Yule mama alilimaliza suala kwa sentensi moja. Tumeleta mfano wa teknolojia bora, tumeleta mkataba, tumeleta sheria. Yote hayo ni mabehewa mazuri yaliyofika yadi. Lakini hakuna shanta wa kuyapanga: wa kuunga shule na karakana, karakana na chakula cha jioni, chakula cha jioni na uamuzi wa mama kumzuia mtoto asiende mwaloni. Tunajivunia kichwa kikubwa kilichoyaleta mabehewa, kisha tunashangaa mzigo haufiki. Mjomba angesema umechelewa yadi.

Kuna mtu mmoja pale sokoni, fundi wa redio na simu, ambaye deki zake mbovu ndizo mgodi wa wale vijana. Tulikwenda kwake kesho yake, mama na mimi na kijana. Fundi alimjua tayari, akacheka, akasema huyu ndiye mwizi wangu wa mota. Alikubali awe anakuja saa mbili baada ya shule, ajifunze kuunganisha na kufungua, na apewe kitu kidogo kwa kila kinachopona. Hakitafika nusu ya kile cha mwaloni. Mama alinyamaza kwa muda, akakunja kanga yake, akasema: "Mpaka mwisho wa muhula. Tuone." Hakuahidi zaidi ya hapo, na mimi sikuwa na haki ya kumdai zaidi.

Muhula haujaisha ninapoandika haya. Kwa hiyo siandiki habari ya ushindi. Naandika kwa sababu muhula una mwisho, na kabla haujafika kuna mambo yanayoweza kufanywa bila kusubiri mfadhili.

Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika shule za sekondari. Ni hatua niliyoiunga mkono tangu mwanzo, na inatukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alikwishatuambia kitu kama hicho mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Hofu yangu ni kwamba tutaitekeleza kwa tabia yetu ya zamani: tutajenga karakana moja ya mfano kwa kila mkoa, tutakata utepe, tutafunga mlango saa tisa na nusu alasiri. Amali haianzii karakana. Huanzia pale mtoto anapofungua deki mbovu kwa kisu cha jikoni ili aone ndani mna nini. Shule ya kata inayotaka kufundisha amali Rwamgasa haihitaji kuagiza vifaa kutoka ng'ambo ili ianze. Inahitaji meza, kufuli, bisibisi tatu, kifaa cha kulehemu, na mwalimu anayeruhusiwa kubaki jioni na kulipwa kwa kubaki. Fundi redio wa sokoni anaweza kualikwa mara moja kwa wiki, na alipwe pia, kwa sababu maarifa yake ni mali.

Kituo cha mfano nacho kina mota, pampu na mitambo. Sisemi watoto wapelekwe kwenye kemikali. Nasema siku moja kwa mwezi wafunguliwe upande wa mashine, waone mota kubwa, ndugu yake mkubwa wa ile waliyoitoa kwenye deki, na fundi wa kituo awaeleze inavyozunguka. Hapo mfano ulioletwa utakutana na mfano waliojitengenezea wenyewe, na pengine ndipo utakapovuka uzio.

Na kuna reli. Kipande cha reli ya kisasa kutoka Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kimekuwa kikijengwa tangu mwaka 2021. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi limewaunganisha watu wa Geita na Mwanza bila kusubiri kivuko. Kijana wa Rwamgasa sasa yuko karibu na yadi kuliko baba yake alivyowahi kuwa. Reli mpya itahitaji madereva wachache wa treni za kasi, ambao tutawapiga picha. Itahitaji watu wengi zaidi wa kupanga mabehewa, kusoma ishara, kurekebisha mota, kuandika programu za kuamua kasha lipi litangulie. Chuo cha Reli kipo Tabora, na wazee wa yadi ya Tabora bado wapo baadhi yao. Ningependa kuona wanafunzi wangu wa historia na wa lugha wakienda kukaa nao na kuandika istilahi zao na fikra zao kwa Kiswahili, kabla taa zao hazijarudishwa nyumbani zote.

Wasomaji wangu mlioko Geita, Katoro, Kahama na Shinyanga, nina ombi dogo. Deki, redio na simu mbovu zilizolala kabatini mwenu msizitupe. Wapelekeeni mafundi wa mtaani kwenu, muwaombe wawagawie watoto mota na betri zinazofaa. Kisha Jumapili jioni mpite nyuma ya vibanda, mchuchumae, muulize: hiki kinaitwaje?